Kutoka Malindi hadi Maporomoko ya Lugard kwa gari la kulalia: mwongozo kamili wa kufika kabla ya umati

Kila Pasaka na kila Desemba mambo huwa yaleyale. Familia inatoka Malindi ikishakunywa chai, inafika lango la Sala la Mbuga ya Tsavo Mashariki saa nne, inahangaika na malipo kwenye simu isiyoshika mtandao, na inaingia Lugard jua likiwa la utosi. Vani za watalii zimejipanga, watu wamejaa mwambani, na muda wa kurudi kabla lango halijafungwa umekaribia kwisha. Wengi hurudi wakisema maporomoko si kitu.

Maporomoko ni kitu, tena kikubwa. Kinachowaangusha watu ni saa waliyofika na maandalizi waliyoyaacha. Mwongozo huu ni wa mwenye gari la kulalia: vani iliyowekewa kitanda na jiko, au Land Cruiser yenye hema juu ya paa. Mwenye gari kama hilo ana nafasi asiyokuwa nayo mtu wa safari ya siku moja. Anaweza kulala karibu na kufika kabla ya wengine.

Jua kwanza unakwenda kuona nini

Usitarajie maji ya kuanguka kutoka juu kama Thomson's Falls ya Nyahururu, yenye mita 74. Pale Lugard, ndani ya Mbuga ya Tsavo Mashariki, mto Galana unabanwa na mwamba. Mto uliokuwa mpana unaingizwa kwenye mifereji myembamba, unarukaruka ngazi baada ya ngazi, unatoa povu na kishindo, kisha unatulia chini kwenye vidimbwi vya mamba.

Uzuri wenyewe uko kwenye jiwe. Lina mistari ya waridi, nyeupe na kijivu iliyopindapinda, na maji yamelisugua hadi likalainika. Kuna mashimo ya duara yaliyochimbwa na mchanga na kokoto zilizozungushwa na mkondo miaka na miaka. Mashimo hayo huonekana vizuri maji yakipungua, na mtu aliyesimama akayatazama kwa utulivu huondoka ameshiba. Ndiyo sababu ya kutaka kufika mapema: jiwe hulioni likiwa limefunikwa na miguu ya watu.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuwasha gari

Vya njia:

- Spea moja iliyojaa upepo (mbili kama gari lako ni zito), jeki, spana ya gurudumu, na ubao wa kuweka chini ya jeki. Bila ubao, jeki inazama kwenye mchanga badala ya kuinua gari.
- Pampu ya kuchomeka kwenye betri, geji ya upepo na seti ya kuziba pancha.
- Koleo na kamba ya kuvutia gari.
- Mafuta ya kutosha kilomita 500. Ndani ya mbuga hakuna kituo cha mafuta, na mchanga unayala mafuta kuliko lami.

Vya kuishi:

- Maji lita 10 kwa kila mtu kwa siku, ya kunywa, kupikia na kuoshea vyombo. Yaweke kwenye jerikeni ngumu. Chupa za plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku ndani ya mbuga tangu tarehe 5 Juni 2020, na katoni ya maji ya dukani inaweza kuzuiwa pale langoni. Sahani na vijiko vya plastiki vya kutupa vimo katika marufuku hiyohiyo.
- Mtungi wa gesi wa kilo 6, uliofungwa kwa mkanda usiweze kucheza.
- Viatu vya soli ya mpira yenye meno, kwa kila mtu. Ndara zibaki garini.
- Nguo za rangi ya mchanga au kijani iliyofifia. Nyeusi na buluu huwavuta mbung'o.
- Dawa ya mbu, chandarua, kofia, na tochi yenye betri mpya.

Vya lango: kitambulisho cha kila mtu mzima, cheti cha kuzaliwa au kitambulisho cha shule cha kila mtoto, na risiti ya malipo iliyohifadhiwa kama picha ndani ya simu.

Cha kuacha nyumbani: mbwa na paka, droni, na matunda ya ziada. La matunda tutalirudia, kwa sababu ndilo linalodharauliwa kuliko yote.

## Hatua ya 1: Usome mto ukiwa bado Malindi

Watu wa Malindi wana bahati ambayo hawaitumii. Mto Athi na mto Tsavo hukutana na kuwa Galana, Galana hupita Lugard, na ukishafika kwetu huitwa Sabaki. Maji yanayopita chini ya Daraja la Sabaki, kwenye njia ya Lamu, ndiyo yaliyopita pale mwambani.

Siku moja au mbili kabla ya safari, nenda darajani ukatazame. Mto ukiwa umejaa kingo kwa kingo, mwekundu, umebeba magogo, na bahari ya Malindi imegeuka rangi ya chai ya maziwa, ahirisha. Huko juu jiwe limefunikwa, vijito vya njiani vimejaa, na utakachokiona ni tope linalokimbia.

Mto ukiwa umejikusanya upande mmoja na mchanga unaonekana, nenda. Miezi mizuri ni Januari na Februari, kisha Juni hadi Septemba. Likizo ya Desemba hufuata mvua za vuli na ile ya Aprili iko katikati ya masika, kwa hiyo miezi hiyo miwili usiende bila kupita darajani.

Jambo moja la kukumbuka: maji ya Athi yanatoka mbali, upande wa Nairobi na Machakos. Mto unaweza kupanda Lugard pasipo tone la mvua hapo ulipo.

## Hatua ya 2: Lipa, ukiwa umekaa na mtandao mzuri

Langoni hawapokei pesa taslimu. Malipo ya mbuga hufanywa kwenye eCitizen, tovuti ya serikali ya huduma na malipo, na ukingo wa Galana una sehemu ndefu zisizo na mtandao kabisa. Lipa usiku wa kuamkia safari.

1. Chagua Tsavo Mashariki, si Magharibi. Ni mbuga mbili tofauti na majina yanafuatana kwenye orodha.
2. Jaza watu kwa makundi yao: raia, mkazi, mgeni, mtoto. Kila kundi lina bei yake, na ukimweka mgeni wako kwenye kundi la raia utazuiwa langoni.
3. Lipia gari. Ada ya gari hufuata idadi ya viti, kwa hiyo tazama hati ya gari. Kama uling'oa viti ili uweke kitanda, piga simu kwa watu wa mbuga uulize watahesabu vipi, usikisie.
4. Kama utalala ndani, lipia na kambi. Kambi za umma, kama Ndololo iliyo karibu na lango la Voi, ni tofauti na kambi maalumu ambazo lazima uziweke mapema kwa jina lako.
5. Soma kwenye tiketi saa inapoanza na inapokwisha.

Umefaulu ukiwa na risiti inayofunguka simu ikiwa imezimwa data. Ijaribu hapo hapo.

## Hatua ya 3: Lifunge gari kana kwamba litapinduliwa

Barabara ya vumbi ndani ya mbuga ina makunyanzi kama bati la paa, na mtikisiko wake hulegeza kila kitu. Skrubu za kabati hutoka zenyewe. Mlango wa friji hufunguka. Sufuria iliyowekwa juu huwa jiwe la kumpiga mtu kichwani.

Weka vizito chini, na kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Lita 80 za maji ni kilo 80; ukiziweka nyuma kabisa ya gari, mbele kunakuwa kwepesi na usukani haukutii kwenye mchanga. Funga valvu ya gesi pale mtungini kila unapoondoka, hata kama unahamia hatua mia, kwa sababu mpira wa gesi ukichubuliwa na mtikisiko huvuja bila wewe kujua. Jioni kabla ya kuwasha jiko, fungua milango, paka maji ya sabuni kwenye maungio, na utazame kama kuna mapovu.

Kaza vibanio vya betri. Gari linalozimika ghafla katikati ya makunyanzi, mara nyingi ni waya wa betri uliolegea.

Vumbi jekundu la Tsavo huingia kila penye upenyo. Ziba matundu ya hewa ya nyuma na ya paa kwa utepe wa gundi wa karatasi, na matandiko uyafunge ndani ya mfuko wa turubai.

## Hatua ya 4: Ondoka mchana, ulale upande wa Sala

Hii ndiyo hatua inayoamua safari. Malindi hadi lango la Sala ni kilomita 110 hivi. Vani za watalii za Malindi na Watamu hutoka alfajiri na kufika langoni asubuhi. Ukitoka Malindi asubuhi hiyohiyo, utakuwa kwenye foleni yao.

Toka siku iliyotangulia, baada ya adhuhuri. Nunua mboga, mkate na mkaa ukiwa bado mjini au ukifika Kakoneni. Mbele ya hapo maduka hupungua na bei hupanda. Ulale katika moja ya kambi binafsi za ukingo wa Galana, nje kidogo ya lango. Piga simu uulize mambo matatu: kama wanapokea gari lenye kitanda chake, kama uzio ni wa umeme, na kama unaruhusiwa kutoka saa kumi na moja alfajiri. Kambi nyingine hufunga geti lao hadi kuche, na hapo faida yote imepotea.

Usiegeshe gari kando ya barabara ukalala. Ndovu hutoka mbugani usiku kwenda mtoni na mashambani, na hawafuati uzio wa ramani.

Sasa kuhusu matunda. Ndovu husikia harufu ya embe kutoka mbali, na ndovu anayelitaka embe lililo ndani ya gari atalifungua gari. Ndizi na machungwa ni vilevile. Kula matunda yote kabla ya magharibi, na maganda uyafunge ndani ya ndoo yenye kifuniko. Ng'onda na papa mkavu navyo viache nyumbani. Harufu yake huwaita fisi. Mahamri, chapati, mbaazi zilizopikwa na mayai ya kuchemsha yanakutosha siku mbili.

Egesha mlango ukiwa umeelekea mbali na mto. Kiboko hutoka majini usiku kwenda kula majani, na mtu aliyesimama kati yake na maji yuko hatarini kuliko aliye mbele ya simba. Choo kiwe ndani ya gari. Usitoke usiku.

## Hatua ya 5: Langoni saa kumi na mbili kamili

Lango linafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni. Kuwa pale robo saa kabla, gari likiwa limeangalia lango, vitambulisho vyote mkononi mwa mtu mmoja.

Ukishaingia, shusha upepo wa magurudumu. Kama kwenye lami unatumia psi 40 (psi ni kipimo kinachoonyeshwa na geji ya upepo), shusha hadi psi 32 hivi, magurudumu yakiwa bado baridi. Gurudumu laini hulalia makunyanzi badala ya kuyapiga, na hutanda juu ya mchanga badala ya kuuchimba. Baada ya saa moja upepo utakuwa umepanda kwa sababu ya joto, usishushe tena. Ukirudi lamini jaza kabla hujashika kasi, maana gurudumu laini likikimbizwa hupata moto ubavuni na kupasuka.

Mwulize askari wa lango maswali mawili: vijito vya njiani viko vipi, na kama mwamba wa Lugard umefunguliwa leo. Jibu lake ndilo la kufuata, hata likipingana na ramani.

## Hatua ya 6: Nenda moja kwa moja

Njia inafuata ukingo wa kusini wa Galana kuelekea magharibi. Kasi ya juu kisheria ni kilomita 40 kwa saa, na gari la kulalia kwenye makunyanzi litakwenda 30 tu. Panga saa mbili na nusu.

Hapa ndipo watu hupoteza nafasi. Punda milia wa kwanza, dakika ishirini. Twiga, nusu saa. Vani zinawapita. Jizuie: wanyama utawaona wakati wa kurudi, tena mchana wenye joto ndio wanaoteremka mtoni kunywa. Kitu cha kusimamia asubuhi ni ndovu aliye njiani tu, na hapo huna hiari. Simama mbali, urefu wa magari matano au zaidi, usipige honi, usizime taa na kuwasha. Gari la kulalia ni refu na nyuma halioni vizuri, kwa hiyo usikaribie mahali ambapo kurudi nyuma kutakuwa kazi.

Kijito kikavu chenye mchanga: gia ya pili, mwendo sawa, usikanyage breki katikati. Kijito chenye maji usiyoona chini yake: usivuke. Subiri, au rudi.

Ukipata pancha, usiruke nje. Zungusha macho pande zote kwanza, kisha mmoja abadilishe na mmoja asimame akitazama msituni. Watoto wabaki ndani.

Ukifaulu utafika saa mbili na nusu au saa tatu asubuhi, na utasikia maji kabla ya kusikia injini ya mtu mwingine. Makundi huanza kumiminika kuanzia kama saa nne na nusu hadi saa saba.

## Hatua ya 7: Mwambani

Egesha gari likiwa limegeuzwa kuelekea njia ya kutokea, pembeni, mbali na mahali vani zitakapojipanga. Gari refu lililowekwa vibaya likizibwa mbele na nyuma litakushikilia hapo hadi wengine waamue kuondoka. Funga madirisha yote, na tundu la hewa la paani pia. Nyani huingia kwa pengo dogo kuliko unavyodhani na hujua mlango wa kabati unafunguliwa vipi.

Hapa ni mojawapo ya mahali pachache unaporuhusiwa kushuka. Mtu mzima mmoja atangulie, atazame vichaka na kivuli cha mawe, ndipo wengine wafuate.

Kwenye jiwe, shika haya:

- Jiwe lililoiva rangi, jeusi au linalong'aa, lina unyevu. Usilikanyage. Lililofifia na kukwaruza soli ndilo la kusimama.
- Baki mita tatu kutoka ukingoni. Ukingo umelainika na umeinamia maji. Ukiteleza hakuna cha kushika.
- Usiruke mfereji. Mahali pengine maji yamebanwa hadi ng'ambo inaonekana ya hatua moja, na ndiyo inayowadanganya vijana. Chini yake maji yanakwenda kwa nguvu ndani ya mwamba, na anayeingia hatoki pale alipoingilia.
- Mtoto ashikwe mkono, si kuitwa kwa sauti. Kishindo cha maji kinazima sauti.
- Usiteremke kwenye mchanga ulio chini ya maporomoko. Unaonekana kama ufuo, lakini ndipo mamba wanapoota jua. Watazame kutoka juu.
- Usioge wala kunywa. Athi hupita mijini kabla ya kufika hapa.
- Usivuke mto kwenda ng'ambo ya kaskazini bila ruhusa ya askari, hata ukikuta njia.

Anza upande wa juu, ambako mto unaingia, kisha ushuke nao pole pole. Watu wengi hujikusanya pale panapotoa povu zaidi, wakapiga picha, wakaondoka. Mashimo ya duara na mistari ya jiwe iko hatua chache pembeni na mara nyingi hapana mtu. Chutama, tazama ndani ya shimo kavu: utaona kokoto za mviringo zimetulia chini, zikisubiri mafuriko yajayo kuendelea kuchimba.

Ukikuta umati umekutangulia, usisukumane. Rudi garini, washa jiko, kunywa chai. Vani zina ratiba na hazikai sana. Wewe una kitanda na maji. Saa moja ya subira mara nyingi inakupa mwamba mtupu. Ila usipitishe saa nane na nusu mchana bila kuondoka, kama unatokea Sala siku hiyohiyo.

## Hatua ya 8: Kurudi

Sasa simama utakavyo. Ndovu wekundu wa Tsavo, waliojipaka udongo, huteremka Galana mchana, na ukingo wa mto kutoka Lugard kuelekea Sala ndipo pa kuwatazama. Panga saa mbili na nusu za mwendo na saa moja ya vituo. Ukichelewa lango, ni kosa la sheria, na kukimbia gizani ili kuliwahi ni kosa kubwa zaidi.

Takataka zote zirudi nawe Malindi. Maji machafu ya vyombo usiyamwage mtoni. Yatoe kambini mahali utakapoonyeshwa.

Ukifika nyumbani, kabla hujalala: toa chujio la hewa la injini na uligongegonge vumbi, kaza nati za magurudumu, pitisha mkono ubavuni mwa kila gurudumu kutafuta miiba na mikato, na uchungulie mpira wa gesi kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukikuta umechubuka, badilisha mzima. Usiuzibe kwa utepe wa gundi.